Njia ya Kipepeo Mfalme na Watu Waliomtazama

Katika mwezi wa Septemba, penye ncha ya nchi iitwayo Point Pelee, ambapo Kanada yaingia ndani ya Ziwa Erie mfano wa mkuki, watu huamka kabla ya jua kwenda kutazama miti. Mwanga ungali hafifu, matawi yaonekana yamebeba majani makavu yaliyosongamana, na mgeni hujiuliza ameletwa kutazama nini. Jua lichomozapo na kuyagusa majani yale, moja hufunguka, kisha la pili, kisha mti mzima hugeuka rangi ya chungwa bivu lililopigwa mistari myeusi. Kumbe ni vipepeo. Hutandaza mabawa wapate joto, hutetemeka kidogo, huachia tawi, na mmoja baada ya mwingine huelekea kusini juu ya maji. Siku ikiwa njema, saa nne ya asubuhi miti huwa mitupu.

Kipepeo huyu Waingereza humwita monarch, na wataalamu humwita Danaus plexippus. Linnaeus alimtia katika orodha yake mwaka 1758. Katika insha hii nitamwita kipepeo mfalme. Mabawa yake yakitandazwa yakaribia upana wa sentimita 10, lakini uzito wake ni nusu ya gramu tu, na barua nyepesi ya posta humshinda mara nyingi. Waondokao Kanada na kaskazini ya Marekani husafiri hata milima ya katikati ya Mexico, mwendo wa kilomita 4,000 na zaidi. Huko waendako hapana hata mmoja wao aliyepata kufika, wala mzazi wake, wala babu yake. Leo habari hii imo katika vitabu vya watoto wa shule. Kabla ya mwaka 1975 haikuwamo katika kitabu chochote, na namna ilivyoingia ndiyo nitakayo kuisimulia; maana imezoeleka kusemwa kuwa njia hii iligunduliwa, na neno hilo, kwa maoni yangu, halikukaa mahali pake. Njia ilikuwa na watazamaji pande zote mbili. Waliokaa mwanzoni mwake hawakuujua mwisho, na waliokaa mwishoni hawakuujua mwanzo.

Tuanze na wale wa mwanzoni. Wakulima wa mbuga za katikati ya Marekani walikwisha kuyaona makundi ya vipepeo hawa yakipita wakati wa majani kupukutika. Charles Valentine Riley, aliyewekwa kuwa mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri mwaka 1868, alikusanya habari za makundi hayo na kuandika juu ya mwendo wao wa kuelekea kusini. Lakini wazo la kwamba mdudu aweza kusafiri kama ndege wa angani lilikuwa zito kumezwa. Kipepeo mfalme wa majira ya joto huishi wiki chache tu. Ataendaje mbali, naye hana umri wa kufika? Jibu la swali hilo lilipatikana baadaye, nalo lapendeza kwa wepesi wake: kizazi cha mwisho cha mwaka si kama vizazi vilivyotangulia. Chakomaa siku zikianza kuwa fupi na usiku kuwa na baridi, chaahirisha kuzaa, chajiwekea mafuta mwilini, nacho chaweza kuishi miezi minane au tisa. Baba aishi mwezi, mwana aishi karibu mwaka.

Huko California, pwani ya Pasifiki, tangu karne ya 19 watu walijua kuwa vipepeo wafalme hulala majira ya baridi katika miti iliyo karibu na bahari, na mji wa Pacific Grove umejipatia sifa kwa sababu yao. Lakini hao aghalabu ni wa magharibi ya milima ya Rocky. Wale wa mashariki, ambao ni wengi kuliko hao kwa mbali, walionekana wakishuka mpaka Texas, kisha wakatoweka machoni pa elimu.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki huenda akaona kuwa mambo haya hayamgusi. Lakini aliyekulia pwani au Usambara amepata kuwaona vipepeo weupe wakipita tangu asubuhi hata alasiri kwa upande mmoja, wakivuka mashamba na mapaa na barabara, kana kwamba wameitwa. Mwingereza C. B. Williams alikuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, Tanganyika, tangu 1927 hata 1929, na safari za vipepeo zilikuwa zimekwisha kumshika moyo kabla hajafika huko. Mwaka 1930 alitoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, nacho kilikusanya habari za mabara yote, Afrika na Amerika pamoja. Kazi yake ilijengwa kwa barua na kumbukumbu za watu wa kila namna walioandika siku, mahali, upande wa upepo na upande wa vipepeo. Ilikuwa kazi njema, lakini ilikuwa na ukomo wake. Barua yaweza kusema: niliwaona wakipita. Haiwezi kusema: aliyepita kwangu leo ndiye yule aliyepita kwako mwezi uliopita. Ili kujua hilo hapana budi kumtia kipepeo alama.

Hii ndiyo kazi aliyojitwika Fred Urquhart wa Toronto, aliyezaliwa mwaka 1911, ambaye tangu utoto wake alikuwa akijiuliza vipepeo hawa huenda wapi baridi iingiapo. Alianza majaribio mwaka 1937. Kumtia ng'ombe alama ni jambo jepesi. Kumtia alama kiumbe wa nusu gramu, asilemewe wala asigeuzwe njia, ni jambo jingine. Vibandiko vyenye gundi ya kulambwa kama ya stempu vilijaribiwa, mvua ikanyesha, vikabanduka vyote. Mwishowe ilitumika gundi ya namna ile inayotumiwa madukani kubandikia bei juu ya vyombo vya kioo, na ilionekana kuwa yapasa kwanza kufuta kwa kidole yale magamba madogo, laini kama unga, yaliyo juu ya bawa. Juu ya karatasi hiyo palikuwa na nambari, na maneno machache ya kumwomba mwokotaji aipeleke idara ya elimu ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Toronto.

Mkewe, Norah, alikuwa mwenziwe katika kila hatua, na mimi naona kuwa sehemu ngumu zaidi ilikuwa yake, yaani kuandikiana na watu. Mwaka 1952 walitoa wito katika jarida wakiomba wasaidizi wa kubandika. Waliojibu kwanza walikuwa kumi na wawili hivi. Baadaye wakawa mamia, kisha maelfu katika miaka iliyofuata: walimu na wanafunzi wao, wakulima, mabibi wa nyumbani, wazee waliostaafu. Hapana aliyelipwa. Mtu alibandika vipepeo mia, akawaachia, na pengine hakusikia habari ya hata mmoja maisha yake yote. Lakini kila kibandiko kilichorudi kilizaa mstari mmoja katika ramani ya Toronto, tangu mahali pa kuachiwa hata mahali pa kuokotwa, na mistari ilipozidi ilianza kusema. Haikwenda kusini moja kwa moja. Ililala mshazari, tangu kaskazini-mashariki hata kusini-magharibi, ikapita Texas. Penye mpaka wa Mexico ramani ikanyamaza. Mwaka 1972 Norah Urquhart akaandika kwa magazeti ya Mexico, akiomba msaada wa watu wa huko.

Sasa twende upande wa pili. Mahali ambapo jimbo la Michoacán lapakana na jimbo la Mexico pana milima ya urefu wa mita 3,000 na zaidi, nayo imevikwa miti iitwayo oyamel, ya jamaa ya misonobari, ipendayo ukungu na baridi. Wakazi wake wengi ni wakulima wadogo, na miongoni mwao wamo Wamazahua na Waotomi, watu waliokuwapo kabla ya Mhispania kuja. Kila mwanzo wa Novemba, mahindi yakiwa yamekomaa na watu wakijiandaa kwa siku za kuwakumbuka marehemu wao, anga hujaa vipepeo. Wengine waliwaita njiwa. Wapo walioamini, na wapo waaminio hata leo, kuwa ni roho za marehemu zirudizo kuwaamkia walio hai. Mkata kuni aliwakuta matawini mpaka matawi yakainama. Wakati wa Machi waliondoka. Hawa hawakuwa na haja ya kugundua kitu. Walikuwa nacho kila mwaka. Lakini vipepeo wale walitoka wapi, na Machi walikwenda wapi, hayo hayakujulikana milimani, kama vile Toronto haikuijua milima.

Hapa nakumbuka kisa cha huku kwetu. Mwezi wa Mei mwaka 1848 Johannes Rebmann, akitoka pwani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, ule weupe ni nini, naye akamjibu kuwa adhani ni baridi. Rebmann aliandika kuwa ni theluji. London alikuwako mjuzi wa jiografia, W. D. Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika ya Mashariki, naye alikataa kwa miaka mingi kuwa theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Vitabu vikamwandika Rebmann kuwa mgunduzi. Nami simwondolei sifa yake, kwa kuwa alisema kweli akachekwa. Lakini neno la Kheri lilikuwa kweli pia, tena lilitoka kwa wenyeji waliouishi mlima. Mmoja alijua baridi, mwingine alijua theluji, na habari kamili ilihitaji wote wawili kusimama mahali pamoja.

Milimani Michoacán kusimama pamoja kulitokea hivi. Wito wa Norah Urquhart ulijibiwa mwaka 1973 na Kenneth Brugger, Mmarekani aliyekuwa akiishi katika mji wa Mexico. Alisafiri na Catalina Aguado, binti wa Michoacán, ambaye akawa mkewe. Walizunguka kwa gari na kwa miguu, wakiuliza vijijini, wakiokota mabawa yaliyochakaa. Brugger, kama ilivyosimuliwa baadaye, alikuwa haoni rangi. Basi macho ya kutambua chungwa ndani ya kijani yalikuwa ya mwenziwe, na ulimi wa kuzungumza na wenye nchi ulikuwa wake vilevile. Mwanzoni mwa Januari 1975, juu ya mlima wa Cerro Pelón, waliingia katika msitu ambao shina, tawi na ardhi vilikuwa vimefunikwa kwa vipepeo. Tarehe 9 ya mwezi ule simu ililia nyumbani kwa Urquhart.

Urquhart mwenyewe alifika mwaka uliofuata, Januari 1976, akiwa na umri wa miaka 64, akapanda kwa taabu kwa sababu ya hewa nyembamba. Alipokuwa ameketi kupumzika, tawi la mti lilivunjika kwa uzito wa vipepeo, likamwaga mzigo wake chini, na katika lundo lile alimwona mmoja mwenye karatasi nyeupe bawani. Huyo alikuwa ametiwa alama mwezi wa Agosti uliotangulia huko Chaska, Minnesota, na wavulana wawili wa shule waliofundishwa kazi hiyo na mwalimu wao. Ushahidi uliotafutwa kwa karibu miaka 40 ukawa umelala kiganjani. Ajabu kama hii mtunzi wa hadithi angeogopa kuiandika, asije akaambiwa amezidisha.

Habari ilitangazwa katika jarida la National Geographic la Agosti 1976. Picha ya jaladani ilikuwa ya Catalina Aguado, amezungukwa na vipepeo. Watu wengi walioiona picha wakamjua Urquhart, na wachache wakamjua mwenye sura. Mwaka 1998 Fred na Norah Urquhart walitunukiwa nishani ya heshima ya Kanada, nao waliistahili. Jina la Aguado lilingoja zaidi. Filamu ya mwaka 2012 juu ya safari ya vipepeo hawa ndiyo iliyolifikisha kwa wengi. Na wale waliowaambia wapitaji panda njia hii, pinda pale, hawana majina katika maandishi yoyote niliyopata kuyasoma.

Makala ile ya 1976 ilificha kitu kimoja, nacho ni mahali penyewe. Urquhart alihofu kuwa mahali pakijulikana pataharibiwa. Lincoln Brower, mtaalamu mwingine aliyekwisha kumchunguza kipepeo mfalme kwa miaka mingi, aliomba aelezwe, akanyimwa. Mwenziwe, William Calvert, akashika dalili chache zilizokuwamo katika maandishi, kama kimo cha mlima na jina la jimbo, akaenda kuuliza, na miezi michache baada ya makala kutoka naye akasimama katikati ya vipepeo. Uchungu kati ya pande hizo mbili haukuisha upesi. Sitaki kuwa hakimu baina ya wataalamu. Lakini tazama siri hii ilivyokuwa. Ilifichwa kwa mtu wa Massachusetts, ilhali kila mtoto mchungaji wa Cerro Pelón aliijua. Calvert hakuipata kwa werevu wa ramani peke yake. Aliipata kwa kuuliza.

Basi mwanzo na mwisho vikawa vimeunganishwa. Lakini kujua miisho miwili ya safari si kuijua safari. Ilibaki kutazama kuruka kwenyewe, na hapa habari yageuka kuwa tamu zaidi, maana tatizo lilikuwa la hesabu. Kiumbe wa nusu gramu apata wapi nguvu za kilomita 4,000? Aliyeshughulika na swali hili alikuwa David Gibo wa Chuo Kikuu cha Toronto, na bahati yake ni kwamba alikuwa rubani wa ndege zisizo na injini. Ndege hizo haziwezi kukaa juu ila kwa kutafuta nguzo za hewa moto zipandazo kutoka ardhini iliyochomwa na jua. Rubani huingia katika nguzo, huzunguka ndani yake mpaka apande juu, kisha huteleza mbele akishuka polepole hata akute nguzo nyingine. Mwewe wa kwetu hufanya vivyo hivyo juu ya uwanja wa soko wakati wa adhuhuri. Gibo alipokuwa angani aliwakuta vipepeo wafalme katika nguzo zile zile, mabawa wameyainua kwa mfano wa herufi V, wametulia, wakizunguka pamoja naye. Marubani wengine walimletea habari za kuwaona zaidi ya mita 1,000 juu ya ardhi, mahali ambapo mtazamaji aliye chini haoni kitu.

Tafakari maana ya jambo hili. Kwa zaidi ya miaka mia watu walikuwa wamesimama ardhini wakimhesabu kipepeo apitaye usawa wa macho yao, naye apitaye usawa huo aghalabu ni yule aliyezuiwa na upepo au anayetafuta maua. Msafiri aliyefanikiwa alikuwa juu ya vichwa vyao. Mwaka 1979 Gibo na mwenziwe walitoa hesabu: mafuta aliyonayo kipepeo huyu yangemtosha kwa takriban saa 44 kama angekwenda kwa kupiga mabawa mfululizo, lakini kwa kuelea na kuteleza yangemtosha saa zaidi ya 1,000. Tofauti hiyo ndiyo Mexico. Tena ilionekana kuwa msafiri hujua kuchagua. Upepo ukivuma kutoka kaskazini hupanda juu na kujiachia. Ukimjia ubavuni hushuka na kuruka karibu na ardhi, akirekebisha njia. Ukimkabili usoni hutua mtini na kungoja. Nahodha aliyengoja kaskazi zigeuke kusi hahitaji kuelezwa zaidi. Usiku haruki, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi hawezi kuruka ila atetemeshe kwanza misuli ya mabawa mpaka ipate moto. Na njiani hula sana. Wengi huingia Mexico wakiwa na mafuta mengi kuliko waliyokuwa nayo walipoondoka nyumbani. Mwenye safari ya namna hii katika wanadamu angeshukiwa.

Likabaki swali la dira. Jua ni alama nzuri, lakini halikai mahali pamoja. Kwa kulifuata lenyewe kipepeo angezunguka siku nzima kama alizeti. Yampasa ajue ni saa ngapi. Mwaka 1997 Orley Taylor wa Chuo Kikuu cha Kansas na wenziwe walifanya hila: waliwaweka vipepeo ndani kwa siku kadhaa na taa zilizoendeshwa kwa saa sita za kuchelewa, kisha wakawaachia nje. Wenziwao waliofuata saa za kweli walielekea kusini-magharibi. Hawa waliodanganywa walikwenda upande wa magharibi na kaskazini yake, wakiwa na hakika ile ile. Mwaka 2002, huko Kingston, Ontario, Henrik Mouritsen na Barrie Frost walimfunga kipepeo kwa uzi mwembamba ndani ya pipa lililo wazi juu, hewa ikimpulizia kutoka chini, naye akaruka kwa saa nyingi pasipo kwenda popote, chombo kikiandika kila pembe aliyoielekea. Mwaka 2009 maabara ya Steven Reppert huko Massachusetts ilionyesha jambo ambalo hapana aliyelitazamia: saa ya kusahihishia jua haimo katika ubongo peke yake, imo katika vipapasio. Vipapasio vilipopakwa rangi nyeusi isiyopitisha nuru, kipepeo alishika upande mmoja kwa uthabiti lakini ukawa upande usio sahihi. Vilipopakwa rangi isiyozuia nuru, alikwenda sawa. Na mwaka 2013 vipepeo wa Ontario walichukuliwa kilomita 2,500 magharibi mpaka Calgary, wakaendelea kuelekea kusini-magharibi vilevile kana kwamba hawakuhamishwa. Dira wanayo, basi, lakini ramani hawana. Wanavyoipata milima michache katika bara zima bado ni kazi ya watakaokuja.

Mwaka huo huo wa 2013 Reppert na Patrick Guerra walitoa ushahidi wa jambo jingine, nalo larudisha habari yetu milimani. Vipepeo wa safari waliowekwa katika baridi ya kadiri ya milima ya Mexico kwa siku 24 waligeuka, na walipopimwa walielekea kaskazini. Wale waliozuiliwa baridi hiyo waliendelea kuelekea kusini. Kumbe ule msitu wenye ukungu si kitanda tu. Ndiyo unaompa msafiri amri ya kurudi.

Na msitu huo una wenyewe. Sehemu kubwa yake ni ardhi ya jumuiya za vijiji, waliyopewa wakulima baada ya mapinduzi ya Mexico, nayo ilikuwa kuni zao, nguzo zao, na fedha za ada ya shule. Serikali ilitoa amri za kuuhifadhi mwaka 1980, kisha 1986, kisha 2000, na eneo la hifadhi likafikia hekta 56,259. Mwaka 2008 UNESCO ikaliandika katika urithi wa dunia. Amri ya 1986 iliwakataza wanavijiji kukata miti katika sehemu za kati za ardhi yao, na fidia haikuwa ya kutosha. Walioitwa jana wasiojua kitu wakaitwa leo waharibifu. Baadhi walikata kwa hasira, baadhi kwa njaa, na makundi ya wahalifu yalikata kwa faida. Lakini wapo pia waliosimama kulinda. Homero Gómez González, mwenyeji wa El Rosario aliyekuwa kwanza mkata miti kisha akawa mlinzi wa vipepeo mwenye sauti kubwa, alitoweka Januari 2020 akaonekana maiti kabla mwezi haujaisha. Nako kaskazini magugu yenye utomvu mweupe, ambayo ndiyo chakula pekee cha viwavi wao, yameteketezwa na dawa za mashambani. Vipepeo milimani hawahesabiwi mmoja mmoja. Hupimwa kwa eneo la msitu walilolifunika. Majira ya baridi ya 1996 hadi 1997 walifunika hekta 18 na zaidi. Yale ya 2013 hadi 2014 walifunika hekta 0.67, na ya 2023 hadi 2024 hekta 0.9.

Kazi ya kubandika haikufa na Urquhart, aliyefariki mwaka 2002. Tangu 1992 imeendeshwa kutoka Kansas na jumuiya ya Monarch Watch, aliyoianzisha Taylor yule yule, kwa vibandiko vya mviringo vinavyowekwa katika bawa la nyuma. Miaka hii ya karibuni vimetengenezwa pia vyombo vya redio vyenye uzito wa chini ya sehemu ya kumi ya gramu, na mwaka 2025 baadhi ya vipepeo walifuatwa kwa vyombo hivyo tangu kaskazini hata Mexico. Mtu aliweza kuketi nyumbani kwake akajua kipepeo fulani amelala wapi jana.

Lakini karatasi ndogo za kubandikwa zingali zaokotwa kwa mkono. Mwezi wa Februari na Machi, vipepeo waliokufa wakiwa wametanda chini ya miti ya oyamel, wanaume, wanawake na watoto wa El Rosario na vijiji jirani hupita wameinama, wakigeuza mabawa makavu kwa vidole. Aonapo duara dogo jeupe, mwokotaji hulihifadhi mpaka waje wageni wa Kansas, ambao humlipa dola 5 hivi kwa kila moja. Wageni huandika nambari katika daftari, na nambari hiyo huwaambia kipepeo aliachiwa siku gani na mtu gani, Minnesota au Ontario. Aliyemwachia hupelekewa habari kuwa wake alifika.